Aliibwa mtoto mmoja, waliokula ni wengi

Msomaji wangu mpenzi, visa vya watoto kuibwa vina soko. Weka picha ya mtoto anayecheka ukurasa wa mbele, chini yake andika kwa herufi nene YUKO WAPI?, halafu uone kama hilo gazeti litafika saa nne asubuhi kabla halijaisha. Mimi mwenyewe ni mlevi wa visa hivi. Nimesoma vya kila aina, vingine kwenye vitabu vya mitumba vilivyokwisha kung'oka majalada. Lakini katika vyote hakuna kinachonirudia kichwani kama kile cha mtoto wa rubani wa Marekani, Charles Lindbergh.

Wengi wanakijua nusu nusu. Wanajua mtoto aliibwa, pesa zikalipwa, mtu mmoja akauawa kwa umeme. Basi. Wiki hii naomba tukisimulie kwa swali jingine: kati ya wote waliojitosa katika ile kesi, nani alisaidia kumtafuta yule mtoto, na nani alikula kupitia mgongo wake? Kaa vizuri, maana sisi watu wa magazeti nasi tumo.

KITANDA KITUPU

Kwanza tumjue baba. Mei 1927, akiwa kijana wa miaka 25, Lindbergh alirusha ndege ya injini moja kutoka New York mpaka Paris bila kutua, peke yake, saa 33 na nusu angani. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Alishinda tuzo ya dola 25,000, lakini kubwa zaidi ni kwamba kuanzia siku ile hakuwa tena na maisha yake mwenyewe. Akikohoa, imeandikwa. Mwaka 1929 alimuoa Anne Morrow, binti wa balozi wa Marekani nchini Mexico, na Juni 22, 1930, siku ambayo Anne alitimiza miaka 24, wakapata mtoto wa kiume. Wakampa jina la baba yake. Magazeti nayo yakampa majina yao, kana kwamba wamemzaa wao.

Sasa njoo Jumanne, Machi 1, 1932. Wazazi walikuwa wamejenga nyumba mpya porini, karibu na mji mdogo wa Hopewell, jimbo la New Jersey, ili wapumue kidogo. Kwa kawaida walilala pale mwisho wa wiki tu, siku nyingine walikaa kwa mama yake Anne, mji wa Englewood. Wiki ile mtoto alikuwa na mafua, wakaona wasimsumbue na safari kwenye baridi. Chumba chake kilikuwa juu ghorofani. Dirisha moja mbao zake za nje zilikuwa zimepinda, hazifungi.

Saa nne usiku yaya wake, Betty Gow, akaingia kumchungulia. Kitanda kitupu. Akadhani yuko kwa mama. Mama hana. Labda yuko na baba. Baba naye hana. Jamani, mzazi yeyote anajua moyo unavyofanya hapo.

Dirishani kulikuwa na bahasha. Ndani yake barua ya Kiingereza kibovu, anayeandika anataka dola 50,000. Nje, chini ya ukuta, kuna patasi, na mbele kidogo ngazi ya mbao ya kienyeji, ya kuunganisha vipande vitatu, imevunjika. Mtoto alikuwa na umri wa miezi 20.

KUFA KUFAANA

Kulipokucha, ile nyumba iligeuka gulio. Polisi, waandishi, wapiga picha na watu wa kushangaa tu walijazana uwanjani na kukanyaga kila alama. Mkuu wa polisi wa jimbo alikuwa Kanali Norman Schwarzkopf. Ndiyo, huyo ni baba mzazi wa yule jenerali wa Vita ya Ghuba ya mwaka 1991. Lakini kanali hakuwa bosi hasa. Bosi alikuwa Lindbergh mwenyewe, maana nani angethubutu kumkatalia shujaa wa taifa?

Nisiwaonee wenzangu wa zamani. Jambo moja jema walilifanya. Anne, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, aliwapa orodha ya chakula cha mtoto: maziwa kiasi gani, maji ya matunda saa ngapi. Magazeti yakaichapa mbele, ili yeyote aliyenaye amlishe vizuri. Hilo ndilo gazeti linavyotakiwa kutumika. Mama anataka kuongea na mwizi, gazeti linampa mdomo.

Yaliyofuata ni balaa. Barua zikamiminika kwa maelfu: wapiga ramli, waota ndoto, vichaa. Al Capone, jambazi mkuu wa Chicago, aliyekuwa jela kwa kukwepa kodi, akasema akitolewa atampata mtoto. Hawakumtoa. Tapeli mmoja aitwaye Gaston Means, aliyewahi kuwa mpelelezi wa serikali, akamwendea tajiri mmoja wa kike wa Washington, Evalyn Walsh McLean, akamwambia nawajua walionaye. Mama wa watu akatoa zaidi ya dola 100,000. Pesa zikapotea, mtoto hakuonekana, Means akaishia kufungwa. Mwingine, mtengeneza mashua wa Virginia aitwaye John Hughes Curtis, alimzungusha Lindbergh baharini kutafuta genge ambalo halikuwepo.

Ndio ule msemo wa wahenga, kufa kufaana.

Katikati ya kelele hizo akatokea mzee mmoja wa Bronx, mwalimu mstaafu, John Condon. Aliandika kwenye gazeti dogo la mtaani kwake, Bronx Home News, akijitolea kuwa mshenga, na dola 1,000 zake juu. Ungesema huyu naye mpenda sifa, na kweli sifa alizipenda. Lakini barua aliyojibiwa ilikuwa na alama ileile ya siri ya barua ya dirishani, viduara vilivyopitana na matundu matatu. Basi wakaanza kuongea na mwizi kupitia matangazo ya gazeti. Usiku wa Aprili 2, 1932, kwenye makaburi ya St. Raymond's huko Bronx, Condon alimkabidhi mtu aliyejiita John dola 50,000. Lindbergh alikuwa ndani ya gari pembeni, akaisikia sauti ya yule mtu kwa mbali.

Walichopewa ni kikaratasi: mtoto yuko kwenye mashua iitwayo Nelly. Lindbergh akapanda ndege, akaizunguka pwani kwa siku kadhaa. Hakuna Nelly.

Mei 12, lori moja lilisimama njiani, msaidizi wa dereva akaingia vichakani kujisaidia. Akaona kitu kwenye majani. Ilikuwa kama kilomita saba tu kutoka kwenye ile nyumba. Fuvu lilikuwa limepasuka, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mtoto alikufa tangu usiku uleule, au karibu yake. Hesabu mwenyewe: siku 72 nchi nzima ilimtafuta mtoto ambaye hakuwahi kufika mbali.

Na hata hapo hawakumwachia. Wapiga picha walijipenyeza mpaka kwenye chumba cha maiti huko Trenton, wakampiga picha. Picha zikauzwa mitaani. Naandika sentensi hii mkono ukiwa mzito, kwa sababu waliofanya vile ni watu wa kazi yangu.

MTUMISHI WA MEZANI

Kuna mtu wa pili alikufa katika kesi hii, na wasimuliaji wengi humpitia juu juu. Ni Violet Sharp, msichana wa Kiingereza, mtumishi wa mezani nyumbani kwa mama yake Anne. Polisi walimhoji kuhusu usiku wa tukio. Akababaika, akadanganya, akabadilisha maneno. Kisa? Alikuwa ametoka na mwanaume, na aliogopa kupoteza kazi. Kwa mtumishi wa nyumba ya tajiri miaka ile, hiyo peke yake ni aibu ya kukufukuzisha.

Lakini nje ya pale, jina la mtumishi anayebabaika ni utamu mtupu. Polisi walimbana tena na tena. Juni 10, 1932, alipoambiwa wanarudi kumhoji, alikunywa sumu. Muda mfupi baadaye watu aliokuwa nao usiku ule walipatikana, wakathibitisha alipokuwa. Hakuwa na hatia yoyote.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali nyingine tuziheshimu, lakini kwenye kesi ya mtoto hii iacheni mlangoni. Lililosemwa juu ya Violet halikuwepo, na kilichokuja ni maiti ya pili.

WALIOFANYA KAZI KIMYA

Sasa tuwaone waliosaidia. Utashangaa hakuna hata mmoja aliyekuwa akipiga kelele.

Wa kwanza ni Elmer Irey, mtu wa kodi. Ndiyo, kodi! Idara yake ndiyo iliyomfunga Capone. Pesa za mwizi zilipokuwa zinafungwa, Irey alishikilia mambo mawili: namba ya kila noti iandikwe, na nyingi ziwe noti za dhahabu, yaani zile ambazo mwenye nazo alikuwa na haki ya kupewa dhahabu. Lindbergh hakutaka, aliogopa mwizi asije akakasirika. Irey akashinda. Mwaka uliofuata, Rais Roosevelt aliagiza dhahabu na noti hizo zirudishwe serikalini. Kuanzia hapo, ukitoa noti ya dhahabu dukani, mwenye duka anakutazama mara mbili.

Wa pili ni Arthur Koehler, mtaalamu wa mbao wa serikali kutoka Wisconsin. Walimpa ile ngazi. Wengine waliona ngazi, yeye akaona mbao: aina gani, kisu cha mashine kimeacha mikwaruzo gani. Aliandikia viwanda vya mbao kwa mamia. Kufika Novemba 1933 alikuwa amezifuata baadhi ya mbao zile kutoka kiwanda kimoja cha South Carolina mpaka kwenye bohari moja ya mbao, Bronx. Wakati huo jina la mtuhumiwa lilikuwa halijulikani kabisa.

Wa tatu ndiye nimpendaye kuliko wote, Walter Lyle, muuza petroli wa Manhattan. Septemba 15, 1934, mteja alimpa noti ya dhahabu ya dola 10. Lyle aliogopa benki isije ikaikataa, hasara ikawa yake. Akachukua kalamu, akaandika namba ya gari pembeni ya noti: 4U-13-41. Basi. Siku tatu baadaye karani wa benki akaikuta noti ile kwenye orodha. Siku ya nne, Septemba 19, polisi walimkamata Bruno Richard Hauptmann, Mjerumani, seremala, mkazi wa Bronx. Kwenye gereji yake zilifichwa zaidi ya dola 13,000 za ile pesa.

Waandishi kwa mamia hawakumpata kwa miaka miwili na nusu. Alipatikana kwa kalamu ya muuza petroli aliyekuwa anaogopa hasara ya dola 10.

SARAKASI YA FLEMINGTON

Kesi ilianza Januari 2, 1935, kwenye mji mdogo wa Flemington. Ukisikia sarakasi, ndiyo ile. Waandishi walifurika, waandishi mashuhuri wa vitabu nao wakaja kuketi kama wako tamasha. Vijingazi vya mbao, vya kukumbukia, viliuzwa barabarani. Ndani ya mahakama kamera za sinema zilipiga ushahidi kwa siri, na watu wakautazama majumba ya sinema. Na sikia hili: wakili mkuu wa mshitakiwa, Edward Reilly, alilipwa na gazeti la kampuni ya Hearst, ili gazeti lipate habari za ndani. Mtu anatetewa roho yake, anayelipa ni muuza magazeti!

Hauptmann alisema pesa ziliachwa kwake na rafiki yake, Isidor Fisch, aliyerudi Ujerumani akafia huko Machi 1934. Upande wa mashitaka ulileta wataalamu wa mwandiko, na Koehler akaeleza kwamba ubao mmoja wa ngazi ulikatwa kwenye sakafu ya darini kwa Hauptmann: mishipa ya mbao na matundu ya misumari vyote vilikubaliana. Lindbergh naye aliapa kuwa sauti ya makaburini ndiyo ya huyu. Februari 13 wazee wa baraza 12, wanaume 8 na wanawake 4, walisema ana hatia. Aprili 3, 1936, aliketishwa kwenye kiti cha umeme huko Trenton, akikana mpaka mwisho.

Mniulize maoni yangu? Sauti iliyosikika mara moja usiku, ikatambuliwa baada ya miaka miwili na nusu, mimi siipi uzito. Pesa na mbao nazipa. Kama alikuwa peke yake, hilo wanabishana mpaka leo. Lakini kesi iliyoendeshwa sokoni ina dosari yake: hata kama hukumu ni sahihi, hukuacha mtu akiwa na amani nayo. Mjane wake, Anna Hauptmann, alipigania jina la mumewe mpaka alipofariki mwaka 1994, akiwa na miaka 95.

VITABU VIKAANZA

Ndipo ikaja zamu ya wenye vitabu. Agatha Christie hakungoja hata mtu akamatwe. Mwaka 1934 alitoa riwaya yake ya mauaji ndani ya treni ya Orient Express, na chanzo cha kisa ni mtoto wa familia maarufu aliyeibwa na kuuawa. Hata mtumishi asiye na hatia anayejiua yumo. Kwa riwaya sina ugomvi, inasema wazi kuwa ni ya kubuni.

Ugomvi wangu ni na wale wanaosema wanaandika ukweli. Mwaka 1976 Anthony Scaduto akaandika kuwa Hauptmann alionewa. Mwaka 1985 Ludovic Kennedy, mwandishi wa Uingereza, naye akamtetea kwa nguvu. Mwaka 1987 Jim Fisher, aliyewahi kuwa mpelelezi wa FBI, akajibu kuwa hapana, muuaji ni yeye. Mpaka hapo ni mabishano ya haki, watu wanapambana kwa karatasi. Lakini soko linataka jipya. Mwaka 1993 wakatokea waandishi wawili wakisema aliyemuua mtoto ni baba mwenyewe. Mwaka 1994 mwingine akasema ni dada yake Anne. Ushahidi? Labda, huenda, inawezekana. Wahusika karibu wote wamekwisha kufa, hawawezi kujibu wala kushitaki. Na kuna wanaume kadhaa ambao kwa nyakati mbalimbali walijitokeza kudai kwamba wao ndio yule mtoto.

Umeona ngazi inavyopandwa? Kila anayekuja lazima apande juu kidogo kuliko aliyetangulia, mpaka mwisho aliyefiwa ndiye anakuwa muuaji.

KWA HIYO TUACHE KUSOMA?

Hapana. Kisa hiki kilizaa mambo ya maana. Juni 22, 1932, Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa wapelelezi wa serikali kuu uwezo wa kumfuata mtekaji akivuka jimbo. Angalia hiyo tarehe: ni siku ambayo mtoto angetimiza miaka miwili, na mama yake miaka 26. Mwaka 1937 chama cha mawakili cha Marekani kilizipiga marufuku kamera za mahakamani kwa sababu ya vituko vya Flemington. Bila watu kuandika na kukasirika, hayo yasingekuwa.

Ila kuna gharama. Agosti 1932 Anne alijifungua mtoto wa pili, Jon. Alipoanza shule ya chekechea, wapiga picha walilisimamisha kwa nguvu gari lililombeba ili wampige picha. Fikiria yule mama alivyojisikia, gari lisilojulikana linamzuia mwanawe njiani! Desemba 1935 familia ilipanda meli kimyakimya ikahamia Uingereza. Hawakukimbia majambazi. Walitukimbia sisi.

Mwaka 1973, baada ya miaka 41, Anne alichapisha barua na kumbukumbu zake za wakati ule. Hamna muuaji mpya ndani yake. Kuna mwanamke mjamzito anamwandikia mama mkwe wake, siku baada ya siku, habari ndogo ndogo za matumaini. Katika vyote nilivyosoma juu ya kesi hii, hapo tu ndipo mtoto alirudi kuwa mtoto.

Kwa hiyo msomaji, ukikamata kisa cha aina hii, kiulize maswali matatu. Je, mwandishi ameleta kitu cha kushika, au ameleta "inasemekana"? Je, anayetajwa bado anaweza kujibu? Na ukifika ukurasa wa mwisho, umemjua mtoto zaidi, au umemjua mwandishi tu? Kikishindwa yote matatu, kirudishe ulipokinunua.

Na ninyi mnaonipigia simu na visa vyenu, karibuni sana, kazi yangu ni kusikiliza. Ila mkija na habari ya mtoto aliyepotea, msinijie na maneno ya kijiweni. Nijieni na namba ya gari.

Hadi wiki ijayo.